Lubugo ya Ssaalongo

Nnaalongo alikuwa amebandika jicho la kulia, lile lisilo na ukungu, kwenye mwanya wa matete, na magoti yameanza kumlaumu. Ndani ya kibanda mumewe ameketi mbele ya gogo la kupondea, nyundo ya mti mapajani. Juu ya gogo limelala gome bichi la mti wa mutuba, lina maji, kama ulimi wa ng'ombe aliyechinjwa sasa hivi. Alikuwa hajalipiga hata mara moja. Nnaalongo aliteleka maharage kabla ya kuja kuchungulia, tena maharage ya mwaka jana, magumu kama kokoto, na harufu inayomfikia sasa ilikuwa ya maharage yaliyokwisha kuiva na kuanza kuungua.

"Ssaalongo," akaita kutoka nje, kana kwamba ndiyo kwanza anapita njia. "U mzima?"

"Nipo," akajibu mumewe.

Ndivyo wanavyojibu Baganda. Ukimjulia mtu hali anakwambia *gyendi*, yaani nipo, wewe unaguna mm, naye anaguna mm, kila mmoja anashika njia yake. Mtu anaweza kuwa ameumwa na nyoka asubuhi hiyo hiyo, mguu umevimba kama kinu, na bado atakwambia yupo.

Gome likikauka halipondeki tena. Hilo lilikuwa la nne kukauka msimu ule, na miti minne ilikuwa imevuliwa bure.

Kijiji cha Kitebuuka hakikuwa na haja ya saa, kilikuwa na Lwanyaaga, huyo huyo Ssaalongo. Nyundo yake ya kwanza, yenye mifuo mipana, ilipoanza kulia, wanawake waliwasha moto. Ya pili ilipoingia, watoto walikwenda shule. Ya tatu, yenye mifuo myembamba kama nywele, ile inayoilainisha nguo ya gome mpaka inaning'inia kama hariri, hiyo ilikuwa ya kuamshia walevi. Sasa ilikuwa miezi miwili walevi wanaamka wanapotaka.

Nnaalongo, kwa upande wake, ugonjwa wake ulikuwa kutaka kujua. Watu wanasema aliwahi kufuata jeneza mpaka kijiji cha tatu ili ajue tu marehemu alikufa na nini, na marehemu mwenyewe alikuwa hamjui. Mwanamke wa namna hiyo hawezi kulala kitanda kimoja na fumbo. Akachunguza. Malaria? Damu ilikwisha kupimwa mara tatu kwa mwenye duka la dawa, hamna. Mwanamke wa nje? Alimfuata siku nne mfululizo akiwa amejitwisha kikapu kitupu, na bwana hakwenda popote.

"Angekuwa na mwanamke ningeshukuru," alimwambia jirani. "Angalau angeoga."

Aliona mumewe ametoboa tundu jipya kwenye mkanda wa suruali kwa msumari, kisha jingine. Alijua kwamba anaamka kabla ya jogoo na kulala macho wazi, akitazama bati. Hakupigana na mtu, hakufiwa, hakuapizwa. Mabinti zao mapacha, wale waliowapa majina ya Ssaalongo na Nnaalongo, wameolewa vizuri na wanapiga simu. Sasa nini?

Wifi yake Nambooze, dada mkubwa wa mumewe, hakuwa na haja ya kuchunguza. Alikuja Jumanne, akakaa kwenye mkeka, akaweka mkoba mbele yake kama hakimu.

"Karogwa," alisema. "Wako wanaoionea wivu nyundo ya ukoo wetu. Jumapili tunampeleka kwa yule mzee wa ng'ambo ya kinamasi."

"Na kama hakurogwa, wifi?"

"Basi ni uvivu, na mzee atautoa huo pia."

"Ssaalongo mvivu? Mtu aliyeponda gome siku ya harusi yake mpaka nikamfuata kibandani na gauni langu la gomesi?"

"Ndiyo maana ninasema karogwa," akasema Nambooze, na akaomba chai.

Wifi alipoondoka, Nnaalongo alipanda kigoda kutafuta ungo wa kahawa juu ya dari. Mkono wake ukagusa kitu laini. Akakivuta. Ilikuwa lubugo, nguo ya gome, nyekundu kama udongo wa kichuguu, pana na nyepesi kuliko zote alizowahi kumwona mumewe akizitoa. Hakuna Mganda wa nyumba ya watu anayezikwa bila lubugo, na hii ilikuwa imekunjwa kingo ndani, vile inavyokunjwa ya maiti. Akashuka kwenye kigoda taratibu, akaenda nayo mpaka kibandani.

"Hii ya nani?"

Lwanyaaga aliitazama kidogo. "Yangu."

"Unakwenda nayo wapi?"

Aliigeuza nyundo mapajani. "Nimechoka, Nnaalongo. Mnalisha mdomo wa bure. Mngepumzika."

Nnaalongo hakulia. Alirudi ndani, akaikunjua lubugo ile, akaikunja upya kinyume, kingo nje, kama shuka la wageni. Akairudisha darini. Halafu akaketi juu ya kigoda. Kumbe siku zote hizi alikuwa anadadisi, na sasa kilichokuwa kikidadisiwa kimegeuka na kumtazama usoni.

Kesho yake aliamka akichechemea.

"Goti," alimwambia mumewe. "Siwezi kufika kituo cha afya peke yangu. Nitaanguka njiani, watu wacheke."

Kumwendea daktari kwa ajili yake mwenyewe Lwanyaaga asingekwenda. Kwa goti la mkewe alivaa viatu.

Muuguzi aliyekuwa zamu, musawo kwa Kiganda, aliitwa Lamunu, Mwacholi wa kaskazini, mrefu, mwenye Kiganda cha kitabuni, kila neno limepigwa pasi, kila bwana ssebo, kila bibi nnyabo. Mwaka wake wa kwanza huku.

"Mgonjwa ni nani?"

"Mimi, musawo. Goti."

"Lipi?"

Nnaalongo alikuwa amesahau amechechemea kwa lipi. Akaonyesha yote mawili.

Lamunu aliyatazama yale magoti, akamtazama mwenye magoti, kisha akamtazama mwanamume aliyekaa kwenye benchi huku mkanda umemzunguka kama kamba kwenye kuni. Akasogeza kiti.

"Ssebo, kaa hapa wewe."

Alimtoboa kidole, akapima damu kwa malaria na kwa sukari, akamfunga mkono kwa mpira wa presha. Vyote salama. Akachukua kalamu.

"Unakula?"

"Sijala chakula tangu mwezi uliopita."

Kalamu ikasimama. "Mwezi mzima?"

"Mzima," Nnaalongo akadakia. "Fukusi wameingia shambani, migomba yote imelala chini."

"Sasa anaishi kwa nini?"

"Muhogo, viazi. Ugali mara moja moja. Jumapili wali."

Lamunu akafumba macho kidogo. "Na hivyo, nnyabo, si chakula?"

"Hivyo ni muhogo, viazi, ugali na wali," Nnaalongo alimweleza taratibu, kama anavyoelezwa mgeni. "Chakula ni matoke. Kwani kwenu chakula ni nini?"

"Ugali wa ulezi."

"Pole," akasema Nnaalongo, na pole hiyo ilitoka moyoni.

Muuguzi akafuta alichokiandika. Labda ni kwa sababu ya kujichekea, labda ni kwa sababu Kiganda chake kilimponyoka, akaanza tena tangu mwanzo, kama wanafunzi wa lugha wanavyoanza.

"Haya. Ssebo, u mzima?"

"Nipo."

"Wapi?"

Nnaalongo alitaka kucheka. Hakuna anayeuliza hivyo. Ni sawa na mtu akuamkie shikamoo, wewe umuulize anataka kushika mguu gani. Lakini mumewe alikuwa amemgeukia yule muuguzi, na usoni kulikuwa na kitu ambacho hakikuwapo tangu mvua za kwanza. Alikuwa anatafuta jibu.

"Unaijua lubugo inavyotundikwa?" akauliza. "Nipo nyuma yake. Nene, ambayo haijapondwa. Nawasikia nyie. Nawaona vivuli. Mdomo unakula huko mbele, mimi niko huku nyuma. Nikishika nyundo, anayeishika ni mwingine. Watu wakiniita naitikia nipo, wanaondoka."

Miaka thelathini na moja Nnaalongo alikuwa amemuuliza mumewe hali kila asubuhi, akiwa amepiga magoti kama mke wa Kiganda anavyofundishwa, na hakuwahi kumuuliza wapi.

Lamunu hakuandika. Aliuliza mengine, moja moja, na kila mara akirudia: kwa wiki mbili hizi. Je, kuna kinachokufurahisha? Usingizi? Unajiona hufai? Unashindwa hata kufikiri? Lwanyaaga alijibu kwa kichwa, mara kwa neno. Halafu muuguzi akashusha sauti, ila hakuipindisha.

"Unafikiria kufa? Kujiua?"

"Musawo," Nnaalongo akaruka, "unamfundisha."

"Kuuliza hakumpi mtu wazo, nnyabo. Kunampa pahali pa kulitua."

Na Lwanyaaga akalitua. Alisema ndiyo. Alisema juu ya lubugo iliyo darini, na kwamba siku alikuwa hajaichagua, ila nguo ilikuwa tayari. Lamunu alisikiliza bila kumwonea haya wala huruma ya kupita kiasi. Akauliza nani atamtunzia ile nguo, pamoja na kamba zake na kisu cha kubandulia magome, kwa muda. Lwanyaaga alimwonyesha mkewe kwa kidevu.

"Huu ni ugonjwa," Lamunu akasema. "Nyie wenyewe mna jina lake. *Okwekyawa*."

"Kujichukia?" Nnaalongo alishangaa. "Musawo, mtu huyu alikuwa ananyoa kila Jumapili."

"Na sasa?"

Nnaalongo akalitazama lile shavu. "Kwani nani kafa, basi? Nani kamkosea? Nimechunguza mwezi mzima, sijaona kitu."

"Malaria unaichunguza hivyo?"

"Malaria ina mbu."

"Na huu una mbu wake. Mara nyingine tunamwona, mara nyingine hatumwoni. Mgonjwa anatibiwa hata kama mbu amesharuka."

Wakapewa vidonge, kimoja kila asubuhi. Lamunu aliwaonya: si kama vya maumivu ya kichwa. Siku za mwanzo tumbo litachafuka, moyo utakuwa pale pale. Nafuu huja baada ya wiki mbili, tatu, hata zaidi. Asiache mwenyewe, hata akijisikia vizuri. Arudi baada ya siku tatu, kisha kila wiki. Akizidiwa kabla, aje siku hiyo hiyo, asiachwe peke yake. Na Alhamisi kulikuwa na wanaume saba wanaokutana kwenye ghala la kahawa, wote wenye ugonjwa huo. Wanaongea.

"Wanaume?" Nnaalongo alisema. "Wanaongea nini?"

"Hilo halitoki nje ya ghala."

Hiyo, kwa Nnaalongo, ilikuwa dawa chungu kuliko vidonge.

Usiku ule lubugo ililala chini ya godoro, upande wake. Ilinuka moshi na majani, na kila akijigeuza ilimnong'oneza mbavuni.

Jumapili Nambooze alifika na wanaume wawili wa ukoo na kuku mweupe. Lwanyaaga alikuwa amekaa mlangoni, kidonge cha nne kinamchafua tumbo.

"Siendi, dada," akasema. "Ninaumwa. Nina dawa."

"Unaumwa nini?"

"Okwekyawa."

"Hayo ni magonjwa ya wazungu," Nambooze akasema, akiwatazama wale wawili wamuunge mkono.

"Kama ni ya wazungu, wifi," Nnaalongo akauliza kutoka jikoni, "mbona jina ni la Kiganda? Bibi zetu walilitunga kwa ajili ya nani?"

Wale wawili wakatazama kuku. Mwishowe Nambooze akawaambia waende, yeye akabaki, akamenya muhogo mpaka jioni, na kuku akaliwa. Wiki iliyofuata alikuja tena, safari hii na matoke kutoka kwake, mkungu mzima. Alidai ulikuwa unamharibikia.

Tangu siku ile Nnaalongo alibadili maamkizi. Asubuhi anapiga magoti, anauliza, mume anasema nipo, naye hainuki.

"Wapi?"

Mwanzoni Lwanyaaga alisema tu, "Pale pale." Siku ya tisa alisema, "Usiniulize." Wiki ya tatu alisukuma kidonge pembeni ya meza. Haoni faida yake, kinamnyima hata ule usingizi mdogo. Nnaalongo hakubishana, alishikwa na goti. Wakaenda. Lamunu akapima tena kwa maswali yake, akasema kwenye karatasi mambo yamepungua kidogo, hata kama mwenyewe hajahisi, akamwomba wiki mbili nyingine.

Alhamisi zikafuata. Nnaalongo aligundua kwamba nyuma ya ghala la kahawa kunaota mchicha mzuri sana. Alichuma mchicha huo Alhamisi tatu, kikapu kikajaa mpaka jirani akauliza kama wamefuga sungura, na alichokisikia ukutani ni sauti za wanaume zikinong'ona na kikohozi. Mara moja tu walicheka, wote kwa pamoja, na katikati ya kicheko hicho kulikuwa na kimoja anachokijua, chembamba, kinachopanda juu kama mtu aliyekanyaga moto. Alisimama na mchicha mkononi. Alitaka sana kujua wamecheka nini. Hajaambiwa mpaka leo.

Siku moja ya wiki ya sita aliweka sahani mezani, akageuka kuchukua chumvi.

"Maharage yameungua," akasema mumewe.

Nnaalongo aligeuka polepole.

"Yameungua," akarudia, na uso umekunjamana kidogo. "Yana ladha ya sufuria."

"Yamekuwa yakiungua tangu mwezi wa tatu, ssebo."

"Mbona hukusema?"

Nnaalongo alitoka nje akasimama nyuma ya jiko, mkono umefunika mdomo, mpaka paka akaja kumtazama.

Asubuhi iliyofuata mumewe alikuwa shambani kabla yake. Alimkuta anazunguka ile miti minne aliyoivua na kuiacha. Mutuba ukiuvua gome unaufunga palepale kwa majani ya mgomba, jua lisiule, na baada ya siku unaufungua. Mmoja alikuwa ameusahau na majani yake, yameoza mwilini. Lwanyaaga aliyabandua vipande vipande. Chini yake kulikuwa na ngozi mpya, laini, ya kijani kibichi, ina mabaka mahali majani yalipogandia. Akaipitishia kiganja. Hakusema kama itapona au la. Mtu wa kazi hiyo hasemi mpaka mwaka mzima upite.

"Wapi leo?" Nnaalongo akauliza.

Alifikiri. "Sijui. Pameanza kuwa pepesi."

Halafu akasema, akiwa bado ameugeukia mti, "Nipe ile lubugo."

Moyo wa Nnaalongo ukamshuka mpaka kwenye yale magoti yake ya uongo. "Ya nini?"

"Nipe tu."

"Ya nini, Ssaalongo?"

Mumewe akageuka, akaona uso wake, na akaelewa. "Kuna mahali nilipiga vibaya," akasema taratibu. "Karibu na ukingo. Nilikuwa naharakisha. Ilinijia jana ghalani, nikaona aibu. Kazi kama ile siwezi kuiacha na tundu."

Nnaalongo alisimama akiwaza. Muuguzi yuko mbali. Wifi yuko mbali zaidi. Hakuna kipimo cha jambo hili, kidole huwezi kukitoboa ukaona.

"Nitaileta," akasema. "Lakini siiachii."

"Usiiachie."

Akaenda, akainua godoro, akarudi nayo imeshikwa kifuani kwa mikono miwili, kama mtu aliyebeba mtoto wa mwenzie. Wakakutana mbele ya kibanda, jua limeshachomoza juu ya mibuni. Mumewe akashika pembe mbili. Yeye akashika mbili. Wakarudi nyuma kila mmoja upande wake, nguo ikanyooka, wakaisimamisha wima kupita vichwa vyao, yeye huku, mumewe upande wa jua, ili mwanga upite.

Ikawa nyekundu yote, kama kiganja ukikiweka mbele ya taa. Tundu lilionekana, dogo, karibu na ukingo, na mengine mawili ambayo hakuna aliyeyajua. Nnaalongo hakumwona mumewe tena. Aliona miguu yake chini, yenye udongo, na kivuli cha kichwa kikiinama huku na huku kwenye nguo, kikitafuta.

"Ssaalongo," akaita. "Upo wapi?"

Kivuli kikatulia. Kidole kimoja, kinene, chenye kucha iliyopasuka, kikapenya kwenye tundu na kutokea upande wake.

"Nipo hapa," sauti ikasema nyuma ya nguo. "Vuta kidogo kwako. Umelegeza."

Nnaalongo akavuta.